TULIRUDI KWENYE KINANDA TUKIWA WATU WAZIMA

(Hotuba ya kikundi cha kujifunza kinanda, iliyotolewa katika siku ya vikundi vya kujitegemea, Taita. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu.)



Wenzetu waliotangulia wamesema juu ya ng'ombe wa maziwa, mboga za kupeleka Mombasa, na mikopo ya kikundi. Sasa sisi tumeitwa kusema juu ya kinanda. Tumeona wengine wakitabasamu pale nyuma. Si vibaya, tabasamuni. Hata sisi tulicheka. Na kicheko hicho ndicho kilichotuharibia kazi, kama mtakavyosikia.

Hatukuja kuwaambia kila kikundi kinunue kinanda. Tumekuja kueleza jinsi watu wazima wanavyojifunza pamoja, jinsi wanavyoacha, na jinsi wanavyoweza kurudi. Mnaojifunza kusoma na kuandika, au kushona, au kuweka hesabu za chama, mtaona kwamba ni jambo lile lile.

TULIKOTOKA

Baadhi yetu tuligusa piano mara ya kwanza tukiwa vijana, miaka ya 1980. Ilikuwa piano ya mbao, kubwa, imekaa upande wa kushoto wa kanisa. Mwalimu alitufundisha kwa kundi, Jumamosi mchana. Tuliisogelea tukiwa tumenawa mikono, maana ilikuwa sheria.

Wengi mmeiona piano kwa nje tu. Piano kamili ina vibao 88 vya kubonyeza, vyeupe 52 na vyeusi 36. Ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya 200, na kila kibao kina nyundo ndogo iliyofunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa. Ukibonyeza, nyundo inaruka na kugonga nyuzi, halafu inarudi. Aliyeibuni ni Mwitaliano, Bartolomeo Cristofori, karibu mwaka 1700. Ubora wake ni kwamba ukibonyeza polepole inalia polepole, ukibonyeza kwa nguvu inalia kwa nguvu. Vinanda vingi vya nyuzi vya wakati huo havikuweza hivyo.

Lakini sisi tunakaa mlimani. Mnajua ukungu wetu. Mbao inavimba, nyuzi zinashika kutu, sauti zinaachana. Fundi wa kurekebisha alitoka mbali na alitaka malipo ambayo hatukuwa nayo. Piano ikaanza kunyamaza kibao kimoja kimoja, kama mzee anayepoteza meno. Nasi tukaoa, tukaolewa, tukaenda kutafuta kazi, tukarudi na watoto. Tulipofikisha miaka arobaini, kila mmoja alikuwa akisema, "Mimi zamani nilikuwa najua piano." Zamani tu.

KOSA LETU LA MWAKA 2014

Mwaka 2014 tulifanya harambee tukanunua kinanda cha umeme. Kina vibao 61, na ukubwa wa kila kibao ni sawa na wa piano. Kinatumia stima, na stima ikipotea kinatumia mawe sita makubwa ya tochi. Tulifurahi sana. Watu 16 waliandikisha majina, kila mmoja shilingi 50 kwa wiki. Tulikuwa na mwalimu kijana, hodari, aliyetoka kumaliza masomo.

Darasa lilidumu miezi minne. Kwa nini?

Kwanza, tulikuwa na haraka. Kulikuwa na wageni waliotarajiwa, na tulitaka kinanda kisikike siku hiyo. Basi, badala ya kufundisha watu 16, tukawafundisha wawili waliokuwa wepesi. Wengine 14 tukawa watazamaji wanaolipa shilingi 50. Siku ya wageni wale wawili walipiga vizuri, tukapigiwa makofi. Baada ya wiki tatu mmoja akapata kazi Voi, mwingine akahamia Mombasa. Ujuzi wa kikundi ukapanda matatu ukaondoka.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, tulichekana. Mmoja wetu alikuwa mzee, fundi wa mawe. Amejenga nyumba nyingi mnazoziona hapa. Vidole vyake ni vinene na vigumu kwa sababu ya kazi. Siku moja alibonyeza kibao kimoja, viwili vikalia. Mtu akasema, "Mzee, hicho kidole ni cha kubonyeza vitatu kwa pamoja." Tukacheka sote. Yeye pia alicheka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Tukasema, "Labda ana kazi." Jumamosi ya pili hakuja. Tukasema, "Si kila mtu ana kipaji." Hatukwenda kumuuliza.

Mama mmoja, fundi wa cherehani, naye aliona hayo. Zamu yake ilipofika akasema ameumwa na mkono. Hakuwa ameumwa. Alituambia baadaye kwamba aliogopa kuwa wa pili kuchekwa.

Mwisho wa mwaka walibaki watatu. Kinanda kikafungiwa ofisini, kikafunikwa kitambaa cha meza.

SIKU YA MAZISHI

Miaka minne ilipita. Mwezi wa nane, mwaka 2018, tulizika mama mmoja mzee, mwanakwaya wa miaka mingi. Watoto wake walikuja wakatuomba jambo moja: "Mama alikuwa anapenda kinanda. Si mna kinanda? Kileteni."

Tulikitoa, tukapangusa vumbi. Lakini nani apige? Tulitazamana. Mama fundi wa cherehani akasukumwa mbele kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alikumbuka sauti za mwanzo za wimbo mmoja, basi. Aliwasha, akainua mkono, na kwa wasiwasi akagusa kibonyezo kingine. Kwenye vinanda hivi kuna kibonyezo ambacho ukikigusa kinanda kinacheza chenyewe muziki wa kuonyesha sauti zake. Basi pale kaburini zikalia ngoma na tarumbeta, muziki wa densi, kwa sauti ya juu. Hakujua jinsi ya kuuzima. Sisi pia hatukujua. Mwishowe kijana mmoja alichomoa waya wa stima.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kwaya iliimba bila kinanda, na familia ilituvumilia. Lakini tulirudi nyumbani tukiwa na aibu ambayo haikuwa ya yule mama. Ilikuwa yetu sote. Kikundi kizima, kinanda cha harambee, miaka minne, na hakuna hata mtu mmoja anayejua pa kuzimia.

KURUDI

Januari 2019 tulikutana tena. Tulikuwa 11. Wanne walikuwa wameigusa ile piano ya mbao ujanani, watano walianza 2014, na wawili walikuwa wapya. Tulimpata mwalimu mstaafu aliyejifunza muziki katika chuo cha ualimu. Mtakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwa somo la mtihani katika shule ya msingi, kwa hiyo walimu wengi wa wakati ule walifundishwa.

Kabla ya kugusa kinanda, mwalimu alituuliza swali moja tu: "Kwa nini mliacha?" Tulianza na sababu za kawaida. Kazi, mvua, ada, magonjwa. Akanyamaza, akangoja. Ndipo mama fundi wa cherehani akasema, "Mimi niliacha kwa sababu mlimcheka mzee." Chumba kikawa kimya.

Tuliamua kwenda kwa mzee. Tulikwenda watano, tukamkuta akipumzika nje. Tulimwambia, "Mzee, tulikukosea. Tulikucheka, na ulipoacha kuja hatukukufuata. Tumekuja kuomba msamaha." Alitukaribisha chai. Akasema amesamehe zamani. Tukamwomba arudi. Akasema, "Nitaangalia." Mnajua maana ya neno hilo.

Tulipokuwa tukiaga, mkewe alisema, "Basi wapeni ile mbao." Mzee hakutaka, lakini mama akaingia ndani akaileta. Ilikuwa mbao iliyopigwa randa vizuri, imechorwa vibao vyeupe na vyeusi kwa penseli ya fundi. Mwaka 2014, kabla hatujamcheka, alikuwa amekipima kinanda kwa futi yake, akatengeneza cha kwake cha mbao ili afanye mazoezi nyumbani usiku. Yule tuliyesema hana kipaji ndiye peke yake katika watu 16 aliyekuwa akifanya mazoezi kila siku.

Tulibeba ile mbao kurudi nayo. Njiani hatukuzungumza sana.

DARASA LA WATU WENGI, KINANDA KIMOJA

Sasa sikilizeni hesabu. Watu 11, kinanda kimoja, saa moja. Gawa dakika 60 kwa 11. Kila mtu anapata dakika tano na kidogo, halafu dakika 55 anakaa tu. Huko kukaa ndiko kulikotumaliza mwaka 2014.

Kujifunza piano kwa kundi si jambo geni duniani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani mmoja aliyeishi Dublin, Ireland, Johann Bernhard Logier, alifundisha wanafunzi wengi kwa pamoja, kila mmoja kwenye piano yake. Katika karne ya 20 vyuo vya Marekani viliweka vyumba vya piano za umeme ambapo kila mwanafunzi anajisikiliza kwa vifaa vya masikioni. Lakini hao wana piano nyingi. Sisi tuna moja. Basi mbao ya mzee ikatusaidia.

Tulichora vibao kwenye maboksi ya dukani. Ukitaka kutengeneza, pima hivi. Kutoka do hadi do inayofuata kuna vibao 12, yaani vyeupe saba na vyeusi vitano, halafu do ya pili inaanza fungu jingine. Vyeupe saba vina upana wa sentimita 16 na nusu kwa jumla. Mafungu matatu yanachukua karibu nusu mita. Vyeusi vimepangwa viwili, halafu vitatu, halafu viwili, halafu vitatu. Mpangilio huo ndio alama ya njia: kibao cheupe kilicho kushoto kabisa kwa vile vyeusi viwili ndicho wanachokiita C.

Boksi halitoi sauti, ni kweli. Lakini linafundisha vidole mahali pa kwenda. Na anayepiga boksi anaimba kwa mdomo kile anachokibonyeza, kwa hiyo sikio nalo linafanya kazi.

Mpango wetu wa saa moja ni huu:

1. Watu wawili wanakaa kwenye kinanda kwa pamoja, mmoja upande wa sauti za juu, mwingine upande wa sauti za chini. Watu 11 wanakuwa zamu sita, na kila zamu ni dakika 10.

2. Wengine wote wako kwenye maboksi, wanapiga kitu kile kile wakati ule ule, wakiimba.

3. Wimbo wa sauti nne tunaugawa. Yule wa juu anapiga sauti ya kwanza na ya pili, yule wa chini anapiga ya tatu na ya nne. Kwa hiyo wawili wasiojua sana wanaweza kuutoa wimbo mzima, ambao mmoja peke yake angehitaji miezi.

4. Hakuna anayepiga peke yake mbele ya wengine mpaka aombe mwenyewe.

5. Akikosea, tunaendelea. Hatusimami, hatugeuki kumtazama.

Sheria ya tano ilikuwa ngumu kuliko zote. Shingo za watu hupenda kugeuka.

MTU MZIMA ANAYERUDI

Tuliogopa kwamba tumechelewa. Watoto wanashika haraka, tulisema, sisi vichwa vimejaa. Hili tuliligundua si kweli lote. Mtoto ana muda, na haoni aibu. Mtu mzima ana mambo mengine.

Kwanza, anayerudi haanzi sifuri. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliandika mwaka 1885 juu ya kumbukumbu. Alijipima mwenyewe akaona kwamba jambo ulilojifunza ukalisahau, ukilirudia, unalishika kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Yaani, hata unapodhani umesahau kabisa, kuna akiba iliyobaki. Wale wanne wa piano ya mbao waliona hivyo. Mwezi wa kwanza walikuwa kama wengine. Mwezi wa tatu vidole vilianza kukumbuka mambo ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakumbuka.

Lakini pia haanzi pale alipoachia. Hapa wengi wanavunjika moyo. Mmoja wetu aliketi akataka kupiga wimbo aliokuwa akiupiga mwaka 1986. Haukuja. Akakasirika, akataka kuondoka. Mwalimu akamwambia, "Ndugu, shamba lililokaa miaka thelathini bila kulimwa linaanza kwa kufyekwa. Hupandi siku hiyo hiyo." Akaanza na mkono mmoja, kama mgeni. Ilimchukua miezi mitano.

Pili, watu wazima wa makanisa yetu tayari tuna elimu ya muziki, ila hatuihesabu. Wengi tunasoma do re mi, ile solfa ya kwaya. Mbegu yake aliipanda mwalimu mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, na John Curwen akaiendeleza katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaileta Afrika. Anayejua solfa tayari anajua wimbo unapanda wapi na unashuka wapi. Kilichobaki ni kuionyesha mikono.

Kuna ugumu mmoja tu. Katika solfa, do inahama. Kwenye kinanda, vibao havihami. Do ikiwa C, unatumia vyeupe vitupu. Do ikihamia G, ile ti inaangukia kibao cheusi. Hapa tulichanganyikiwa wiki nyingi. Kinanda cha umeme kina kibonyezo cha kuhamisha sauti, hivyo unaweza kupiga kwenye vyeupe na sauti ikatoka juu au chini kufuata kwaya. Tulianza kwa kukitumia, na hatuoni aibu. Lakini polepole tunajifunza kufanya bila hicho, kwa sababu piano ya mbao haina kibonyezo kama hicho.

Tatu, dakika chache kila siku ni bora kuliko saa nyingi siku moja. Dakika 10 kwa siku sita zinazidi saa nzima ya Jumamosi. Jambo ulilolifanyia mazoezi jioni, usingizi unalikaza. Mtaona wenyewe: kitu kilichokataa usiku, asubuhi kinakubali.

Nne, polepole. Ukipiga haraka na kukosea mara kumi, umefanya mazoezi ya kukosea mara kumi. Piga mkono wa kulia peke yake, halafu wa kushoto peke yake, halafu yote miwili kwa mwendo wa kobe.

Tano, mwili. Kaa kwenye kiti ambacho viwiko viko usawa wa vibao. Vidole vinahesabiwa moja hadi tano, kuanzia dole gumba, kwa kila mkono. Baada ya kulima, mikono ni mizito, basi inyooshe kwanza. Mkono ukiuma, acha kwa siku hiyo. Na anayehitaji miwani avae miwani. Mmoja wetu aliteseka mwaka mzima akidhani hana akili ya muziki, kumbe haoni karatasi.

Na kuhusu vidole vinene: mwalimu alituonyesha kwamba kidole kinene kikisimama katikati ya kibao cheupe, karibu na ukingo wa mbele ambako hakuna vyeusi, kinatosha bila shida. Kibao kina upana zaidi ya sentimita mbili. Tungemwambia mzee hivyo mwaka 2014, badala ya kucheka. Lilikuwa jambo la dakika moja.

MWAKA WA 2020

Mwezi wa tatu, 2020, makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Tulidhani darasa limekufa tena. Lakini kila mtu alikuwa na boksi lake nyumbani. Mwalimu alikuwa akimpigia simu mmoja mmoja, anaimba mstari, nawe unaurudia kwenye boksi ukiimba. Mweka hazina wetu alikubali zile shilingi 50 zitumike kununua maongezi ya simu.

Mwezi wa saba makanisa yalipofunguliwa kwa masharti, watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja, kwaya kubwa haikuweza kukaa pamoja. Siku hizo ndizo kinanda kilihitajika zaidi. Wawili wawili tulikaa pale mbele na barakoa, tukapiga nyimbo nne ambazo tulikuwa tumezifanyia mazoezi kwenye maboksi. Tulikosea. Hakuna aliyegeuka.

TULIPO LEO

Hatukuja kujisifu. Kati ya wale 11, wanane tunaendelea. Mmoja alihama, mmoja aliumwa na macho, na mmoja alituambia wazi kwamba muziki si wake, akaenda kwenye kikundi cha kuku, nasi tulimshukuru kwa kusema ukweli. Tumepokea vijana sita. Wanatupita kwa mbio, na ni sawa. Kila anayejua wimbo lazima amfundishe mwingine kabla ya kuanza wimbo mpya, ili mtu akipata kazi mbali, wimbo usiondoke naye.

Mama fundi wa cherehani anapiga kila Jumatano kwenye maombi ya jioni. Anapiga polepole, nyimbo saba anazozijua. Kile kibonyezo cha densi amekibandika kwa plasta, na amemwonyesha kila mwanafunzi mpya pa kuzimia. Hilo ndilo somo lake la kwanza kwao.

Na mzee? Hajarudi. Tumemtembelea mara nne. Hana kinyongo, anatupokea vizuri, anauliza habari za darasa. Lakini hajarudi, na hatuwezi kumlazimisha. Ni lazima tuseme hili mbele yenu, kwa sababu wengine mnadhani msamaha ukishaombwa mambo yanarudi kama zamani. Kuna kicheko ambacho hakifutiki kwa chai. Tulimchukulia mtu miaka ambayo angekuwa akijifunza, naye sasa umri umekwenda.

Mbao yake tumeitundika ukutani darasani. Mwaka jana tulimpelekea nyingine mpya, tuliyoitengeneza kwa kufuata vipimo vyake. Mkewe alituambia majuzi kwamba iko mezani, si kabatini. Hatujauliza zaidi ya hapo. Kiti chake kipo, na zamu yake imeandikwa kwenye orodha kila Jumamosi. Asipokuja, tunaruka jina lake bila kusema neno.

Ndugu na dada, vikundi vyetu vinakagua fedha kila mwezi. Tunajua nani hajalipa, nani ana deni, shilingi ngapi zimepotea. Lakini hatukagui watu waliopotea. Katika daftari lenu la kwanza kabisa, lile la siku mlipoanza, kuna majina ambayo leo hayapo. Mkirudi nyumbani, lifungueni. Msiulize kwanza, "Nani alikuwa mvivu?" Ulizeni, "Siku ya mwisho aliyokuja, sisi tulifanya nini?"

Kinanda kipo pale mlangoni. Anayetaka kujaribu ajaribu. Hatutageuka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni watu wangapi walianza na wangapi wamebaki? Tunajua kweli sababu ya kila aliyeacha?

2. Je, kuna mtu tuliyemcheka au tuliyempita kwa sababu alikuwa mpole, mzee, au hakusoma? Nani atakwenda kumwona, na lini?

3. Ujuzi wa kikundi chetu uko kwa watu wangapi? Wakihama kesho, ni kazi gani itasimama?

4. Wakati wa mafunzo, ni nani wanafanya na ni nani wanatazama tu? Tunaweza kutengeneza nini kwa vitu vya kawaida, kama yale maboksi, ili kila mmoja awe na cha kufanya?

5. Ni jambo gani ambalo sisi wenyewe tulianza kujifunza zamani tukaliacha? Nini kingetusaidia kulirudia?